Darasa la kemia la Jumamosi, Langoni: jueni mnalipia nini

Wazazi wanaoniulizia lile darasa la kemia la Langoni, hapa Amu (Lamu), ghorofani, ngazi ya nyuma ya duka la vitambaa, jibu langu ni hili: mpelekeni mtoto, lakini mjue mnalipia nini. Binti yangu yuko Kidato cha Nne na amekuwa akihudhuria tangu muhula wa kwanza. Mimi mwenyewe ni fundi wa chokaa. Nyumba za mji mkongwe zikivimba kuta au plasta ikianza kudondoka, tunaitwa mimi na wenzangu. Kemia niliiacha Kidato cha Pili bila majonzi yoyote, kwa hivyo msitarajie maoni ya msomi.

Ada ni shilingi 400 kwa Jumamosi. Wanaanza saa nane, watoto wakishatoka madrasa na kula, wanapumzika kwa sala ya alasiri, halafu wanaendelea mpaka saa kumi na moja. Karatasi za maswali hulipiwa mbali, shilingi 50, na hilo hukuambiwi siku ya kwanza. Wangeijumlisha tu kwenye ada tukajua moja.

Sasa, kwa nini nikalipa. Mtihani wa kemia wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari Kenya, una pepa tatu. Ya kwanza na ya pili zina alama 80 kila moja, lakini zikishajumlishwa hushushwa mpaka 60. Ya tatu, ile ya maabara, ina alama 40, na zote huingia kama zilivyo. Maana yake alama 40 kati ya 100 za mtoto zinaamuliwa mezani, na bureti (ule mrija wa kioo wenye vipimo na mfereji chini), na macho yake, na mkono usiotetemeka. Shuleni kwa binti yangu, ambako sitakutaja, bureti moja ilikuwa ya kikundi kizima. Mwenye haraka anaishika, wengine wananakili namba. Mtoto anafika Kidato cha Nne akijua kuandika kuhusu bureti bila kuwahi kuifungua mfereji wake.

Pale Langoni wanafunzi ni kumi na sita na bureti ni nne. Si nyingi, ila mwalimu ana kanuni moja ngumu: anayesoma namba ndiye anayeshika, na wanabadilishana kila mzunguko. Nilikaa nyuma nikatazama. Karatasi nyeupe chini ya chupa, jicho usawa wa maji, namba isomwe chini ya ule mkunjo wa uso wa maji, si juu yake. Tone likining'inia mdomoni mwa bureti bila kudondoka, halipuuzwi: unaligusisha ukutani mwa chupa, unalisukuma ndani kwa maji kidogo, unatikisa, unatazama kama ile rangi ya waridi inabaki. Mtoto mmoja alimwaga mpaka chupa ikawa zambarau kali, mwalimu akamwambia taratibu, "Hiyo umeipita, mwanangu, anza tena." Hakumgombeza. Lakini hakumruhusu kuiandika pia.

Halafu hapo hapo, kabla vifaa havijaoshwa, anatoa mwongozo wa kusahihisha. Hii ndiyo tofauti ya darasa hili na mengine ya marudio ninayoyasikia, ambako wanasoma maswali ya miaka iliyopita mwanzo hadi mwisho kama tasbihi. Jedwali la titresheni, yaani kazi hiyo ya bureti, lina alama tano: kulijaza lote, desimali, usahihi, kanuni ya wastani, na jibu la mwisho. Ukiandika desimali mbili, ya pili iwe 0 au 5, na ziwe mbili kila mahali. Wastani unatafutwa kwa namba zinazokaribiana, zisizopishana zaidi ya 0.2. Binti yangu alikuwa akijumlisha zote tatu hata moja ikiwa imepotea njia kabisa, na kila mara akipoteza alama ambazo kazi yake ya mkono ilishazipata. Kwa mchanganuo wa chumvi, yaani kutambua chumvi ina nini ndani yake, ni vivyo hivyo. Ioni ya zinki ukiiandika bila chaji yake, alama hakuna. Mashapo meupe yakiyeyuka kwenye sodiamu haidroksaidi ya ziada, usikimbilie kusema ni aluminiamu. Huenda ni risasi, huenda ni zinki. Zinki itajitenga kwa amonia ya ziada, maana huyeyuka humo. Risasi itajifichua kwa potasiamu ayodaidi, itoe mashapo ya manjano. Binti siku hizi anayasema haya akikuna nazi.

Kuna na zile dakika 15. Pepa ya tatu ni saa mbili na robo, na ile robo saa ya kwanza hairuhusiwi kugusa kifaa chochote, ni ya kusoma tu. Mwalimu anawakalisha mikono nyuma, saa mezani, wasome karatasi yote na kupanga nini kitangulie. Watoto wanaichukia robo saa hiyo. Mimi niliipenda kuliko yote, maana fundi anayechanganya chokaa kabla ya kuukagua ukuta mzima ni wa kumlipa nusu.

Lakini kilichonifanya niandike urefu huu ni jiwe.

Siku moja binti alikuja akaniambia, "Baba, mwalimu anataka tumbawe lililochomwa, ambalo halijaguswa na maji." Nikadhani ni mzaha. Nikamfungia vipande vichache kwenye mkebe wenye kifuniko, kwa sababu chokaa hiyo ukiiacha wazi huku pwani hewa yenyewe inaizima, nami nikapanda ngazi kuona wanaitakia nini.

Walianza na jiwe bichi. Tumbawe ni kalsiamu kabonati. Tulitupalo tanurini juu ya magogo linapashwa moto mpaka linaachilia gesi ya kabonidayoksaidi, na kinachobaki ni kalsiamu oksaidi. Kisha mwalimu akaweka kipande changu kwenye kisahani, akachoma kipimajoto pembeni, akadondosha maji tone baada ya tone. Nimeiona kazi hii tangu utotoni. Jiwe linanyonya, linatulia, halafu linaanza kulia, linapasuka, mvuke unapanda, linavimba na kuwa unga. Nilichokuwa sijawahi kukiona ni watoto kumi na sita wamenyamaza wakiandika. Hakuwaambia jina la chochote. Aliwaamuru waandike walichokiona kwanza, sentensi kamili, na ndipo akasoma kila moja kwa sauti na kusema hii ina alama, hii haina. "Limebadilika" haikupata kitu. "Limevimba na kumeng'enyeka kuwa unga mweupe" ikapata.

Unga ule wakaukoroga majini, wakauchuja, wakapata maji ya chokaa. Wakapuliza kwa mrija (kupuliza tu, asivute mtu, alisema hilo mara tatu) na maji yakawa meupe kama maziwa. Hapo nikamkatiza, "Mwalimu, hii si plasta?" Akaniambia, "Ndiyo, mzee, hebu waeleze." Basi nikawaeleza kwamba plasta ya chokaa haikauki kama saruji, huchukua hewa polepole, na ukiifungia isipate hewa inabaki laini kwa miezi. Yeye akamalizia ubaoni: ile kabonidayoksaidi iliyofukuzwa tanurini ndiyo inayorudi ukutani, na ukuta unakuwa kalsiamu kabonati tena. Nimepiga plasta maisha yangu yote, na mlinganyo wake nimeuona mwaka huu.

Wakaendelea kupuliza. Ule weupe ukatoweka. Hapo wengi walishangaa, hata mimi. Gesi ikizidi, kabonati inageuka kuwa haidrojenikabonati ya kalsiamu, ambayo huyeyuka. Mwalimu akaichukua chupa ile iliyokwisha kuwa angavu, akaichemsha, na weupe ukarudi. Akauliza, "Ni wapi nyumbani mmeuona huu weupe?" Kimya. Halafu mtoto mmoja wa nyuma akasema, "Ndani ya birika la chai." Kweli. Sisi wa Amu tunakunywa maji ya visima, na chini ya ardhi yetu ni matumbawe na mchanga. Sabuni haitoi povu upesi, birika linaota ukoko.

Jumamosi iliyofuata kila mmoja alileta maji ya kwao. Wakapanga glasi: maji ya mvua ya jabia, maji ya kisima, maji ya kisima yaliyochemshwa, na ya kisima yaliyotiwa magadi, haya haya ya kupikia maharagwe. Wakahesabu matone ya maji ya sabuni mpaka povu litulie. Maji ya mvua yalitoa povu mwanzo. Yaliyochemshwa yalisaidika, lakini si yote, maana ugumu wa maji, kule kuzuia povu, ule wa muda unaondoka kwa moto na ule wa kudumu unabaki. Yenye magadi yakatoa povu vizuri, kwa kuwa kabonati ya magadi huikamata ile kalsiamu na kuishusha chini. Kisha wakapewa swali la pepa ya pili juu ya ugumu wa maji, na binti akalijibu lote. Lile lile aliloliacha wazi kwenye mtihani wa shule.

Chokaa yangu ikatumika tena kwenye amonia. Walipasha chokaa iliyozimwa kwa maji pamoja na amoniamu kloraidi, wakaipitisha gesi kwenye chokaa isiyozimwa ili kuikausha, kwa sababu asidi kali ya salfa ingeungana na amonia, na kalsiamu kloraidi vilevile. Swali hilo, naambiwa, halichoki kurudi. Halafu ile chemchemi: chupa imejaa amonia, tone la maji likiingia gesi inayeyuka mara moja, na maji yanapanda kwa nguvu na kugeuka waridi kwa ajili ya fenoftalini, kiashiria kinachogeuka rangi kwenye alkali. Watoto walipiga kelele mpaka mwenye duka chini akapanda kuuliza kulikoni.

Basi, lawama zangu.

La kwanza ni moto. Majaribio ya kupasha walikuwa wakiyafanya juu darini, chini ya makuti, ili wapate hewa. Anayeishi Amu anajua moto wa makuti ukishika hauulizi nyumba ya nani. Nilimwambia, "Mwalimu, huo moto na haya makuti havipatani." Akakubali papo hapo, na tangu siku hiyo ya moto hufanyika ua wa ndani, wazi juu. Namshukuru, ila ilikuwaje ikawa mimi wa kuona?

La pili, miwani ya kukinga macho ilikuwa saba kwa watoto kumi na sita. Chokaa jichoni si jambo la kuchekea, nina wenzangu wawili ninaoweza kuwaonyesha. Kama ada haitoshi kununua miwani, aseme, tuchange.

La tatu ndilo kubwa, nalo ni hesabu za moli, kile kipimo cha kiasi cha kitu katika kemia. Hapa darasa linaporomoka. Mwalimu anaandika haraka ubaoni, swali baada ya swali, hakuna kitu mezani, na nusu ya watoto wananakili tu. Binti hutoka pale na kurasa nyingi na kichwa kizito. Nami huuliza: jiwe lilikuwa hapo hapo! Kila mbeba gunia wa tanuru anajua tumbawe lililochomwa ni jepesi. Gramu 100 za kalsiamu kabonati hutoa gramu 56 za oksaidi, na 44 zimekwenda hewani. Lipimwe jiwe kabla, lipimwe baada, mtoto aone ule uzito uliopotea ulivyo ndio gesi yenyewe, halafu ndipo aandike moli. Na kwa kuwa tumbawe letu lina mchanga na unyevu, haitatoka 56 kamili, na hapo swali la asilimia ya usafi limejileta lenyewe. Onyesho zuri kuliko yote ya darasa lile halikutumiwa kwa mada iliyo ngumu kuliko zote.

Mengine madogo. Hakuna kuotea maswali, na hakuna habari za pepa za kununua mtandaoni. Aliyeuliza alijibiwa vibaya, na inafaa. Ngazi ni nyembamba na ina giza. Mtoto aliyeko Gredi ya 10 ya mtaala mpya asipelekwe, kwani kila kitu pale ni cha mtaala unaokwisha, na KCSE ya mwisho ni ya 2027.

Darasa hili nimelipatia nyota nne. Kwa pepa ya tatu pekee ningetoa tano, kwa moli mbili. Mtoto wenu akiwa dhaifu kwenye hesabu, mtafutieni wa kumsaidia hilo pembeni, na Jumamosi mumwachie bureti. Mwalimu nimeshamwambia habari ya mizani. Ameniambia hana inayoweza kupima jiwe la maana. Ninayo ya dukani kwa ndugu yangu, ya kilo 10, na tanuru linawashwa mwezi ujao, kwa hivyo jiwe litapimwa likiwa bichi, mbele ya watoto, nami nitalibeba mwenyewe mpaka motoni na kulirudisha.