Sindano ya mgongo kwa upasuaji wa uzazi: nilivyoiona hapa Tanga

Nimepasuliwa mara mbili kwa sindano ya mgongo, na ningeichagua tena kuliko nusu kaputi. Unakuwa macho, mtoto akilia unamsikia. Wanaotoka wakinung'unika, wengi hawakuambiwa mapema kwamba ganzi huondoa maumivu, haiondoi kuguswa. Utasikia kuvutwa, na mtoto anapotolewa utasikia tumbo likikandamizwa kwa juu, kwa nguvu kabisa. Hapo ganzi haijashindwa. Ila ukisikia ukali wa kukatwa, sema papo hapo.

Kuchomwa kwenyewe kunategemea mkao. Kaa ukingoni mwa kitanda, kumbatia mto, kidevu kifuani, mabega yalegee, mgongo uutoe nje kama kamba aliyejikunja. Pingili zinaachana na sindano inapata njia. Ukijikaza utachomwa mara tatu. Uchungu ukija, mwambie mtaalamu wa usingizi asubiri upite.

Dawa ya ganzi ni kidogo, bupivakeini nzito kama mililita 2 hivi. Miguu inapata joto, kisha inakuwa mizito. Atakupitishia pamba yenye spiriti: begani unahisi baridi, tumboni huhisi kitu. Ganzi inatakiwa ifike usawa wa matiti, ndiyo maana kifua huwa kizito japo unapumua vizuri. Presha hushuka kwa kuwa mishipa ya damu imelegea, na mara nyingi huanza na kichefuchefu. Usione haya kusema, maana dripu na dawa ya kupandisha presha hukurudisha haraka. Kutetemeka nako ni kawaida, omba blanketi.

Nisichoridhika nacho ni wodini. Hospitali moja, upasuaji wa kwanza, hakuna aliyenipa dawa ya maumivu mpaka ganzi ilipokwisha, na maumivu yakishapanda hayashuki upesi. Ganzi hudumu saa 2 hadi 4 hivi. Ukianza tu kuchezesha vidole vya miguu, dai dawa yako.

Halafu kichwa kuuma baada ya sindano. Wanawake wanalaumiana kwa kulalia mto, kumbe ni maji ya uti wa mgongo yanayovuja kwenye tundu la sindano. Sindano nyembamba yenye ncha kama ya penseli hupunguza sana tatizo hili, kwa hiyo uliza ipo ipi kabla ya siku yenyewe. Kichwa kikiuma ukikaa na kupoa ukilala, katika siku 3 za mwanzo hasa, usimeze panadol ukanyamaza. Panda bajaji urudi hospitali, hata kama umeshafika kwako Ngamiani.