Kutoka i5-7400 kwenda i5-12400: kwa nini nilibadilisha prosesa na madabodi kwa pamoja

Nahariri video za harusi na sendofu hapa Dar es Salaam. Kompyuta iliyonilisha muda wote ni ya mezani, yenye Core i5-7400, RAM ya DDR4 GB 16 na kadi ya picha ya GTX 1660 Super. Kwa video za Full HD sikuwa na malalamiko nayo. Mambo yaligeuka tulipoanza kukodi Canon EOS R6 na kurekodi 4K kwa Canon Log (mtindo wa picha iliyofifia, unaoacha nafasi ya kurekebisha rangi baadaye). Kamera hiyo ikiwekwa hivyo hurekodi kwa H.265 (njia ya kubana video), biti 10, 4:2:2, yaani rangi nyingi zaidi na mzigo mkubwa zaidi kwa kompyuta. Ukiingiza klipu zake kwenye programu ya kuhariri ya Premiere Pro na kubonyeza kucheza, picha inaganda, sauti inatangulia, na bibi harusi anaingia ukumbini kwa kurukaruka.

Kabla ya kutoa hata shilingi nilifungua Task Manager huku klipu zikicheza, na ningeomba kila anayefikiria kubadilisha prosesa aanzie hapo. Prosesa ilikuwa asilimia 100 muda wote. RAM ilikuwa na nafasi, SSD ilikuwa imetulia, na kadi ya picha ilikuwa kama haina kazi. Kumbe mzigo wote wa kufungua zile faili uliiangukia prosesa peke yake, kwa sababu GTX 1660 Super haina uwezo wa kufungua H.265 ya 4:2:2. Kununua kadi kubwa zaidi ya familia ya RTX 30 au 40 kusingesaidia hapo, maana nazo hazifungui aina hiyo. Nvidia, watengenezaji wa kadi hizi, walikuja kuiweka kwenye RTX 50.

Fundi mmoja Kariakoo alinishauri vizuri tu: "Kaka, chukua i7-7700 ya mtumba, inaingia humo humo, humalizi hata nusu saa." Kweli inaingia, na ingenipa nyuzi (kazi ambazo prosesa hushika kwa wakati mmoja) 8 badala ya 4. Lakini ni kizazi kile kile cha 7 cha prosesa za Intel kama i5-7400 yangu, na sehemu yake ya kufungulia video ni ile ile. Isitoshe, i7-7700 haimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, na Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Kizazi cha 8 nacho kinachanganya wengi: soketi inaitwa LGA1151 vilevile na prosesa inakaa vizuri kabisa, ila kwenye madabodi (ubao mkuu wa kompyuta) ya chipseti za mfululizo wa 100 na 200, kama yangu, haiwaki. Kwa hiyo kama unahama, hama na madabodi yake.

Zikabaki njia mbili. Ryzen 5 5600 ya AMD ni prosesa nzuri, kori 6 na nyuzi 12, na inatumia DDR4. Ningekuwa mcheza gemu ningeishia hapo. Ila haina kadi ya picha ya ndani. Core i5-12400 nayo ina kori 6 na nyuzi 12, na ndani yake kuna UHD 730 ambayo inafungua H.265 ya biti 10 4:2:2 bila jasho. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta. Hapa angalia herufi moja kwa macho makali: i5-12400F ni ya bei nafuu na imejaa madukani, lakini hiyo F maana yake kadi ya ndani imezimwa. Kwa kazi yangu, kununua F ni kutupa pesa.

Madabodi nilichagua ya chipseti ya B660, toleo la DDR4. Soketi hii ya LGA1700 ina madabodi za DDR4 na za DDR5, na majina yake yanafanana mno, kwa hiyo soma boksi mpaka mwisho. RAM zangu za zamani nilizihamisha zote, na ukitazama bei za RAM zilivyopanda tangu mwishoni mwa 2025, hapo ndipo hesabu yote ilipokubali. Feni ya zamani haikukaa, matundu ya LGA1700 yako mbali zaidi kidogo, ila prosesa ya boksi inakuja na feni yake. Ukinunua ya "tray" utapewa prosesa tupu.

Dukani nilifunua kile kifuniko cheusi cha soketi nikaikagua kwa kamera ya simu, nimevuta karibu, nikiisogeza simu polepole safu kwa safu. Pini za safu moja ziwe zinang'aa kwa namna moja. Pini iliyolala huakisi mwanga tofauti na wenzake, na ukiiona, rudisha boksi hapo hapo.

Baada ya kufunga, klipu bado zilisuasua. Sababu ni kwamba madabodi nyingi huizima kadi ya ndani zikiona umechomeka ya nje, na inabidi uingie BIOS (mipangilio ya msingi ya madabodi) uiwashe mwenyewe, kisha uweke draiva ya Intel. Nilipomaliza hayo, 4K ya R6 inacheza laini, hata nikiweka kamera mbili sambamba. Kurekebisha rangi huku mteja ameketi pembeni sasa kunawezekana, na kwangu hilo lina thamani kuliko namba yoyote ya vipimo. Photoshop, Word na intaneti sijaona tofauti ya maana. Kama hizo ndizo kazi zako na tayari una SSD, baki na ulichonacho.

Leseni ya Windows iliyokuja na mashine ya zamani haikuhama, kwani leseni ya OEM hufungwa na madabodi. Iweke kwenye bajeti. Na kama mashine yako ni zile Dell OptiPlex au HP EliteDesk za mtumba kutoka Ulaya, pima kwanza: pawasaplai zake mara nyingi zina plagi za kampuni yenyewe, hazichomeki kwenye madabodi ya kawaida.

B660 yangu inapokea mpaka kizazi cha 14 baada ya kusasisha BIOS, kwa hiyo siku kazi zikizidi nitaitazama i5-14500, nayo ina kori 14 na kadi ya ndani.