Jumamosi nne za hesabu za kinga hapa Lubumbashi, kwa dola 120

Nimengoja mpaka hesabu za mwaka zifungwe ndipo niandike haya. Mafunzo ya namna hii huyapimi siku unayotoka darasani. Unayapima siku mkaguzi anapoketi mbele yako na kufungua dosie.

Ni mafunzo ya hesabu za kinga, yaani namna ya kuandika vitabuni mikataba inayoikinga kampuni na bei zinazopanda na kushuka. Ni Jumamosi nne, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, katika chumba cha ghorofani si mbali na Place de la Poste. Mwalimu ni mama aliyekagua hesabu za makampuni kwa miaka mingi, na sasa anajitegemea. Bei ni dola 120, makaratasi na chakula ndani yake. Tulikuwa kumi na mmoja: wengi wa migodi, wawili wa usafirishaji wa malori, kijana mmoja wa benki, na mimi wa kampuni ya vipuri.

Niseme kwanza kilichonipeleka. Kampuni yetu inaleta pampu na vipuri vyake toka Johannesburg na kuviuza kwa migodi ya Likasi na Kolwezi. Tunalipa kwa randi, tunauza kwa dola. Randi ikipanda kati ya siku ya kuagiza na siku ya kulipa, faida inaliwa kabla lori halijafika mpakani Kasumbalesa. Kwa hiyo mwaka juzi tulifunga bei na benki: baada ya miezi mitatu tutanunua randi 3,600,000 kwa randi 18 kila dola. Yaani dola 200,000, iwe mvua iwe jua. (Tarakimu nimezirahisisha kidogo ili zisomeke.)

Tarehe 31 Desemba, mkataba kama ule kwa tarehe ile ile ya malipo ulikuwa unapatikana kwa randi 18.75. Randi zile zile zingetugharimu dola 192,000. Mkataba wetu ukawa na hasara ya dola 8,000, na mkaguzi akaiandika yote kwenye faida na hasara ya mwaka ule. Mkubwa wetu alipouona mstari huo aliniita bironi kwake. "Mama, nani alikutuma kucheza kamari na pesa ya kampuni?"

Nilijua hatukucheza. Nilijua vipuri navyo vimekuwa nafuu kwa dola 8,000 hizo hizo, ila unafuu wake utaonekana mwaka unaofuata, vikishauzwa. Hasara imekaa mwaka huu, nafuu yake imekaa mwaka ujao, na mkubwa anasoma mwaka huu tu. Kujua ninajua, lakini kumweleza mtu asiye mhasibu nilishindwa. Jambo hilo liliniuma kwa miezi.

Jumamosi ya kwanza ndiyo iliyonilipa dola zangu zote. Mwalimu hakuanza na sheria. Alieleza kwa sentensi moja kwamba derivativi ni mkataba usio na thamani yake peke yake, thamani yake inatoka kwa kitu kingine: randi, shaba, mafuta, riba. Kisha akauliza nani ana kisa chake mwenyewe. Nikasema changu. Akachukua chaki akaandika miezi juu ya meza ya mbao, toka Novemba hadi Machi, halafu akakata karatasi mbili. Ya kwanza aliandika "mkataba, hasara 8,000" akaiweka chini ya Desemba. Ya pili aliandika "vipuri, nafuu 8,000" akaiweka chini ya Machi, mwezi ambao vipuri vingeuzwa. Akatuacha tuzitazame. Kisha akaishika ile ya Desemba kwa kidole na kuivuta polepole mpaka Machi, ikalala juu ya mwenzake. "Hesabu za kinga ni huku kuvuta," alisema. "Hazifuti hasara, hazizalishi faida. Zinayakutanisha makaratasi mawili katika kipindi kimoja." Sisi maofisini tumezoea kusema kuverture, kwa Kifaransa, na neno hilo halikuwahi kunionyesha kitu. Siku ile nilikiona kwa macho.

Halafu tukaandika debiti na krediti, kila mtu kwa mkono wake. Tarehe 31 Desemba mkataba unaandikwa kwa thamani yake ya siku hiyo, deni la 8,000, lakini upande wa pili hauendi kwenye faida na hasara. Unaenda kwenye akiba ya kinga, ndani ya mtaji, kadiri kinga ilivyofanya kazi. Kile kinachozidi, yaani mkataba ukiyumba kuliko kitu unachokikinga, ndicho kinachoingia faida na hasara papo hapo. Vipuri vikifika vinaandikwa kwa bei ya siku, 192,000, kisha ile 8,000 inatolewa kwenye akiba na kuongezwa juu yake. Stoki inasimama kwa 200,000, bei ile ile tuliyoifunga na benki. Nilipoiona 200,000 imejitokeza chini ya ukurasa wangu niliinamisha kichwa kidogo. Miezi yote ile jibu la kumpa mkubwa lilikuwa mistari minne tu.

Ndipo mwalimu akaniuliza: "Na karatasi ya siku ya kwanza iko wapi, mama?"

Haikuwapo. IFRS 9, kanuni ya kimataifa ya hesabu iliyoanza kutumika 1 Januari 2018, inataka kinga itangazwe na kuandikwa tangu mwanzo wake: mkataba gani, unakinga kitu gani, hatari ipi, kwa uwiano gani (kiasi cha mkataba kwa kiasi cha kitu kinachokingwa), na utapimaje kama kinga inafanya kazi. Hakuna kuandika leo ukaweka tarehe ya jana. Bila karatasi hiyo unaweza kuwa umejikinga kwa kweli, lakini vitabu vitakuhesabu kama mtu aliyenunua mkataba mtupu. Mkaguzi wetu hakutuonea. Aliomba dosie, tukampa mkataba wa benki peke yake.

Jumamosi ya pili ilihusu kupima kinga, na hapa nitapita haraka. Kanuni ya zamani, IAS 39, ilidai matokeo yaangukie kati ya asilimia 80 na 125, na wengi darasani walikuwa bado wanaifuata. IFRS 9 imeiondoa mipaka hiyo. Sasa unaonyesha kwamba vitu viwili vina uhusiano wa kiuchumi, kwamba hatari ya mwenzako kushindwa kulipa haimezi mabadiliko yote ya thamani, na kwamba uwiano ulioandika ndio unaoutumia kweli. Bwana wa malori aliuliza juu ya dizeli yake na akajibiwa vizuri.

Ya tatu ndiyo watu wa migodi walikuwa wanaingoja. Mtu yeyote hapa Katanga anajua shaba inasafiri na fakitire ya muda, yaani ankara ambayo bei yake si ya mwisho. Katodi, yaani vibao vya shaba iliyosafishwa, zinatoka Kolwezi, zinashika njia ya Durban au Dar es Salaam, na bei ya mwisho inakuja kuamuliwa kwa wastani wa London Metal Exchange, soko la metali la London, wa mwezi mliokubaliana, mara nyingi baada ya mzigo kuwa umekwisha kuuzwa. Mkataba wa shaba kule London ni wa tani 25 kila mmoja, kwa hiyo mwenye tani 110 anachagua mikataba minne au mitano, na ziada au upungufu huo lazima uonekane kwenye uwiano wa kinga.

Mwalimu aliwauliza vijana wa migodi: deni hilo la mteja, ambalo bei yake bado inapanda na kushuka, mnaliandikaje? Mmoja akasema wanaliacha lilivyo mpaka bei ya mwisho itoke. Mwalimu akamwonyesha, kwa upole, kwamba IFRS 9 hairuhusu. Deni linalofuata bei ya shaba halina malipo ya mtaji na riba tu, kwa hiyo linapimwa kwa thamani ya siku na tofauti inaingia faida na hasara. Na kwa kuwa mkataba wa London nao unaingia hapo hapo, vitu hivyo viwili vinakutana vyenyewe bila karatasi ya kinga. Karatasi inahitajika kwa shaba ambayo bado haijauzwa, ile ya miezi ijayo. Kijana huyo alikuwa akihangaika kila mwezi kuandaa dosie za madeni ambayo hayakuzihitaji. Nilimwona anafunga kalamu yake na kushusha pumzi.

Kisha ikaja kobalti, na chumba kikanyamaza. Tulisoma mwaka jana, serikali ikiwa imesimamisha kusafirisha kobalti nje tangu 22 Februari 2025, kwanza kwa miezi minne, halafu ikaongeza muda. Kwota, yaani viwango vya kusafirisha, zilikuja kuanza 16 Oktoba, sisi tumeshamaliza masomo. Sasa, kampuni iliyokuwa imekinga mauzo ya kobalti ya miezi ijayo ifanye nini? Mauzo yanayotarajiwa hayakingwi katika vitabu ila yawe na uwezekano mkubwa sana wa kutokea. Mpaka umefungwa, nani atasema hivyo? Mwalimu alitenganisha maswali mawili ambayo mimi nilikuwa nayachanganya. La kwanza: mauzo hayo bado yana uwezekano mkubwa? Kama hapana, hesabu za kinga zinakoma tangu siku hiyo. La pili: pamoja na hayo, bado mnatarajia kwamba yatatokea, hata kama ni kwa kuchelewa? Kama ndiyo, kilichokwisha kulimbikizwa kwenye akiba kinabaki pale hadi mauzo yaje. Kama hamtarajii tena, akiba yote inahamia faida na hasara mara moja, bila kungoja mwisho wa mwaka. Akasisitiza pia kwamba huachi hesabu za kinga kwa hiari yako, eti kwa sababu mwaka huu hazikupendezi. Darasa lilibishana karibu saa nzima, na yeye alituacha tubishane. Sijawahi kuona agizo la serikali likiingia hivyo moja kwa moja kwenye mistari ya vitabu.

Kasoro zipo, na ninazisema kwa sababu ninataka mafunzo haya yaendelee. Makaratasi ni nakala za Kifaransa zenye herufi ndogo mno, ilhali yeye anafundisha kwa Kiswahili safi na kila mtu anaelewa. Ayaandike jinsi anavyosema. Jumamosi ya tatu umeme ulikatika, na jenereta iliwekwa chini ya dirisha, ikabidi waliokaa nyuma wasogee. Opsheni, mikataba inayokupa haki ya kununua au kuuza bila kukulazimisha, zilipewa nusu saa tu, na suala la thamani ya muda ndani ya opsheni haliingii katika nusu saa.

Kubwa zaidi ni SYSCOHADA, mpango wa hesabu wa OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara. Kongo ni mwanachama wa OHADA tangu 2012, na wengi wetu tunapeleka hesabu za kodi kwa mpango huo, IFRS tunaitengeneza kwa ajili ya mwenye hisa wa nje. Tulipewa saa moja, Jumamosi ya mwisho, watu wamechoka. Alituonyesha akaunti ya 54 ya vyombo vya hazina, akaunti za 478 na 479 za tofauti za ubadilishaji, na kwamba hasara ya fedha za kigeni ambayo haijatimia inatengewa akiba ilhali faida isiyotimia haihesabiwi, na ukiwa na kinga unatenga kwa ile sehemu isiyokingwa tu. Ni sahihi, lakini kwa mwendo wa mbio. Mtu anayefunga vitabu viwili kwa mwaka mmoja anahitaji Jumamosi nzima hapo, na mfano ule ule ukiandikwa pande zote mbili.

Chakula kilikuwa bukari, sombe na thomson, kwa wingi, na saa ya kula ndiyo ilikuwa saa ya maswali mazuri.

Novemba tuliagiza tena. Randi 2,889,600, bei imefungwa kwa 17.2, yaani dola 168,000. Siku ile ile, kabla ya saa kumi, niliandika ukurasa mmoja kwa mpangilio wa mwalimu, nikaupeleka kwa mkubwa akautia sahihi na tarehe, nikautoboa na kuuweka kwenye dosie nyuma ya mkataba wa benki. Safari hii randi ilipanda. Mwisho wa Desemba bei ilikuwa 16.8, mkataba ukawa na faida ya dola 4,000, nami nikaipeleka kwenye akiba ya kinga. Mkubwa akaniita tena. "Mama, tumepata, mbona faida siioni?"

Nilikata karatasi mbili. Niliziweka juu ya meza yake, moja chini ya Desemba, nyingine chini ya Aprili: mkataba, faida 4,000, vipuri, ghali kwa 4,000. Nikaivuta ya kwanza mpaka juu ya ile ya pili. Vipuri vitafika kwa 172,000, tutatoa 4,000, vitasimama kwa 168,000. Alizitazama kwa muda, akazivuta mwenyewe kurudi na kwenda, kisha akauliza kama na zile 8,000 za kwanza zilikuwa hivyo hivyo. Nikamjibu ndiyo, baba, zilikuwa hivyo hivyo. Akaniambia niwaandikishe wasaidizi wangu wawili.

Mkaguzi alikuja Februari. Alilinganisha tarehe ya ukurasa wangu na tarehe ya mkataba wa benki, akasoma mistari ya uwiano, akauliza swali moja juu ya namna ya kupima, akarudisha dosie.

Atakayejiandikisha abebe mkataba wake halisi wa benki au wa mteja, jina la kampuni likiwa limefunikwa. Wasiokuja na mkataba walijifunza pia, lakini waliokuja nao ndio waliotoka na dosie.