Uzoefu wangu na M35A2, lori kuukuu la jeshi la Marekani: anza na breki

Wengi mmeniuliza kama M35A2 linafaa kununuliwa. Nalitumia kwenye shamba letu huku Minnesota kubebea kuni, kokoto na majani ya mbuzi, na nilichukua langu kwenye mnada wa magari yaliyotolewa jeshini. Jibu langu ni ndiyo, linafaa sana, ila kwa sharti moja: kabla hujalipeleka barabarani, breki zake uwe umezifungua na kuziona kwa macho yako. Kwa hiyo nitaongea sana habari ya breki, mengine nitayapitia tu.

Mfumo wenyewe ni wa mafuta unaosaidiwa na upepo. Ukikanyaga pedali, masta silinda inasukuma mafuta ya breki hadi kwenye busta ya upepo iliyo chini ya gari, nayo busta inayapa nguvu ya kufika kwenye ngoma zote sita za breki. Laini ya mafuta ni moja tu kwa magurudumu yote. Silinda ndogo ya gurudumu moja ikianza kuvuja, au bomba likitobolewa na kutu, pedali inazama hadi chini na hakuna gurudumu linaloshika. Upepo ukiisha una nafuu, maana pedali inakuwa ngumu lakini ukiikanyaga kwa nguvu zako zote gari linapunguza mwendo. Mafuta yakiisha huna kitu. Hand breki inashika shafti ya propela, imewekwa kwa ajili ya kuegesha, na gari tupu lina tani 6 hivi. Pigeni hesabu wenyewe.

Shemeji yangu ni fundi wa malori, amekulia kwenye gereji za Tanga akifungua Scania na Fuso. Siku ya kwanza aliingia chini na tochi, akafuata mabomba kutoka mbele hadi nyuma, kisha akatoa kichwa.

"Shemeji, laini ya pili iko wapi?"

Nikamwambia haipo, lilitengenezwa hivyo hivyo.

"Basi hili halitoki hapa mpaka tufungue ngoma zote."

Tukazifungua zote, na namshukuru mpaka leo. Kwenye tangazo la mnada waliandika gari linawaka na linatembea, na kweli lilikuwa linawaka na kutembea. Habari ya kusimama hawakuitaja. Silinda mbili za nyuma zilikuwa zimeota kutu ndani, pistoni zimeganda, na brek shuu zimelowa oili ya difu iliyopita kwenye sili.

Kufungua ngoma si kazi ya kukurupukia. Nati za magurudumu ya kushoto zinafunguka kinyume, na stadi zake, yaani bolti zinazoshika gurudumu, zimegongwa herufi L. Asiyejua ataning'inia kwenye spana mpaka akate stadi. Nyuma kuna tairi mbili mbili, kwa hiyo ukitoa nati kubwa ya nje unakuta ndani yake nyingine yenye kichwa cha pembe nne inayoshika tairi la ndani. Kisha unatoa ekseli, unakutana na nati ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, yenye pembe nane, inayotaka soketi yake maalumu ya inchi 3. Nunueni hiyo soketi. Nimeona magari ambayo nati hizo zimepigwa patasi na nyundo na watu waliotangulia, zimechakaa mpaka haziwezi kukazwa kwa kipimo, na beringi za habu zinaumia kwa ajili hiyo. Habu na ngoma vinatoka pamoja, ni vizito, tafuteni mtu wa pili.

Mafuta ya breki nayo yaangalieni. Jeshi la Marekani lilihamia kwenye mafuta ya silikoni, DOT 5, yana rangi ya zambarau. Hayachanganywi na DOT 3 ya dukani. Ukikuta mchanganyiko, osha mfumo mzima na ubadilishe raba zote. Na kama gari limeishi kwenye majimbo ya baridi, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, badilisheni mabomba ya chuma bila kusubiri yavuje.

Sasa sifa, maana zipo na ni kubwa. Sijawahi kuwa na gari lililoandikiwa vizuri kama hili. Vitabu vya jeshi vya matengenezo, namba TM 9-2320-361, vinapatikana bure mtandaoni, na vinakueleza kila nati kwa picha: ipi inatangulia, inakazwa kwa kipimo gani, sili inaingia ikitazama wapi. Viliandikwa kwa ajili ya askari kijana ambaye pengine hajawahi kushika spana, kwa hiyo havikurukishi hatua. Kila kipuri kina namba yake ya tarakimu 13. Ukiiandika kwenye intaneti unapata nani anacho na bei gani. Silinda za breki mpya tulizipata kwa bei ambayo shemeji hakuiamini, akataka tununue na za akiba.

Injini ni ya silinda 6, lita 7.8, ile ya kunywa mafuta ya aina nyingi: dizeli, mafuta ya taa, mafuta ya ndege, na petroli kwa dharura. Kwenye pampu ya dizeli kuna kifaa kinachohisi uzito wa mafuta na kurekebisha kipimo. Ndicho kinachopenda kuvuja, kwa hiyo chungulieni hapo. Wapo wanaochoma oili chafu ya injini, mimi siwaungi mkono. Filta zinaziba na nozeli zinashika masizi, na injini hii ni nzuri mno kuifanyia hivyo. Mkiwa bado hamjanunua, someni kibati cha injini, kinachoonyesha toleo lake: LDT-465-1D ni bora kuliko LDT-465-1C ya kabla yake, kwa sababu gasketi za silinda hedi kwenye zile za awali zilikuwa na sifa mbaya ya kuungua.

Likiwa limelala muda mrefu, vuta kebo ya kuzimia na upige stata hivyo hivyo mpaka geji ya oili inyanyuke, ndipo uachie liwake. Usiondoke mpaka upepo ujae na ile kelele ya kutahadharisha kwamba upepo ni mdogo inyamaze. Bomba la moshi linatazama juu, kwa hiyo mfuniko wake ukipotea weka kopo, la sivyo mvua inaingia kwenye injini. Umeme ni volti 24, betri mbili za 12 zimeungwa mfululizo. Msiliamshe kwa betri ya gari dogo kwa kubahatisha.

Barabarani ni gumu. Usukani hauna msaada wowote, unaukata huku gari likitembea, na mwisho wa mwendo ni kilomita 90 kwa saa kwa makelele ambayo mtalazimika kuvaa viziba masikio. Mafuta halijanipa zaidi ya kilomita 4 kwa lita. Mwenye kutaka gari la safari ndefu atafute kitu kingine. Lakini kwenye tope la Aprili, theluji ikiyeyuka, likiwa na mzigo wa kuni na tairi zote zinavuta, hapa kijijini hakuna pikapu inayolifuata.

Mahali tulipofikia sasa ni kuondoa ile masta silinda ya asili na kufunga ya laini mbili, ili mbele ikipotea nyuma ibaki. Wapo waliokwisha kubadilisha yao na vifaa vinauzwa. Shemeji ameshapima nafasi chini ya sakafu ya dereva, amesema inaingia, na kazi tumeipanga kabla ya baridi kuanza.