PulmoVista 500: mkanda unaoonyesha hewa inakoingia pafuni

Eksirei ya asubuhi haimwambii daktari wa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) hewa ya ventileta, yaani mashine ya kupumulia, inaingia upande gani wa pafu sasa hivi. PulmoVista 500, kifaa cha kampuni ya Dräger ya Ujerumani, inaonyesha, bila mionzi na bila kumhamisha mgonjwa. Mkanda wa elektrodi 16 hupitisha umeme mdogo kifuani. Hewa huzuia umeme kuliko damu na maji, na mabadiliko hayo huchorwa hadi picha 50 kwa sekunde.

Ubora wote unategemea mkanda. Pima mzunguko wa kifua kwanza, chagua saizi, kisha uvalishe usawa wa nafasi ya nne au ya tano ya mbavu, na elektrodi ya rejea tumboni. Ukishuka zaidi, diaframu na ini huingia kwenye picha, na pafu lenye afya kabisa litaonekana halipati hewa. Ngozi ikiwa kavu, ipake jeli. Bandeji nene na mirija ya kifua huharibu mguso. Godoro la hewa linalojaa na kupungua nalo huvuruga mawimbi. Lisimamishe wakati wa kipimo.

Kifaa hiki kinang'aa hasa kwenye kutafuta PEEP (presha ambayo ventileta huibakiza pafuni mwisho wa kutoa pumzi) inayomfaa mgonjwa wa ARDS, yaani mapafu yaliyoshindwa ghafla kwa kuvimba na kujaa maji. Ishushe sentimita 2 za maji kila hatua, uipe kila hatua dakika chache, ukilinganisha ramani. Sehemu za nyuma zikianza kuwa ngumu, pafu linasinyaa. Za mbele zikilainika, zilikuwa zimetanuliwa mno. Unatafuta hatua ambapo hasara zote mbili ni ndogo. Mgonjwa asiwe anapumua mwenyewe, na presha ya damu iangaliwe muda wote.

Mtego mkubwa ni dripu: maji mengi yakiingia haraka, mstari wa msingi, unaoonyesha hewa iliyobaki pafuni mwisho wa kutoa pumzi, hushuka hata kama pafu halijasinyaa. Usibadilishe PEEP kwa sababu ya mstari huo peke yake.

Picha yenyewe ni ya ukungu na huona ukanda mmoja tu wa kifua, kwa hiyo CT bado inahitajika kutambua ugonjwa. Mwenye betri ya moyo (pacemaker) asivalishwe kabisa. Wodi isiyo na ultrasaundi ya mapafu inunue hiyo kwanza. Yenye wagonjwa wengi wa ARDS, na wauguzi waliofundishwa kuvalisha mkanda, itanufaika kila siku. Uvuliwe kabla ya saa 24 kutimia, ngozi ikaguliwe, hasa chini ya makwapa na mgongoni.