Blanketi la umeme Njombe: uzoefu wangu kipupwe hiki

Nimelitumia tangu Mei, kwenye nyumba ya kupanga hapa Njombe mjini. Bati juu, silingibodi ipo sebuleni tu, chumbani ukitazama juu unaona kenchi, yaani mbao za paa. Ndugu zetu wa Dar wakisikia blanketi la umeme wanacheka. Waje Juni au Julai. Mji huu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kule Makete, hasa upande wa Kitulo, kuna asubuhi unakuta umande umeganda mweupe juu ya majani.

Niliagiza Kariakoo, Sh 68,000 kabla ya nauli ya basi. La watu wawili, limeandikwa volti 220, wati 100. Kwa wasiolijua: si la kujifunika. Ni kitambaa kinene chenye nyaya nyembamba ndani, unakilaza juu ya godoro, unakifunga kwa kamba zake kwenye pembe, halafu unatandika shuka juu yake. Waya unatokea pembeni ukiwa na kidude cha kuwashia chenye ngazi tatu.

Utaratibu wangu ni huu: saa mbili na nusu usiku nawasha namba tatu na kufunika kitanda na mablanketi yote ili joto lisipotee. Saa tatu naingia. Mashuka yanakuwa kama yametoka kupigwa pasi, na ule unyevunyevu wa godoro unaotuudhi huku wakati wa ukungu unakuwa umekauka. Hapo napunguza hadi namba moja, na usingizi ukianza kuninyemelea nazima na kuchomoa kabisa. Mpaka alfajiri joto la mwili na mablanketi ya kawaida vinatosha.

Sasa LUKU, umeme wa kulipia kabla, maana najua wengi mnasubiri hapa. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja, hivyo wati 100 kwa saa mbili ni uniti 0.2. Aliye kwenye kundi la D1, la wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, analipa Sh 100 kwa uniti, na ukiongeza VAT na tozo inafika 122. Kwa hiyo usiku mmoja ni kama Sh 24. Aliye T1, kundi la matumizi ya kawaida, ambako uniti inakaribia 356 na makato yake, ni kama Sh 70. Hata ukiliwasha kwa muda wa saa nane kwa nguvu yote, hujafika 300.

Linganisha na hita ya wati 2,000 aliyonayo jirani yangu. Kila saa inakula uniti mbili. Ukiiwasha kwa muda wa saa tatu kila jioni, kwa mwezi ni uniti 180, wakati D1 mwisho ni 75 na kila inayozidi ni Sh 350 kabla ya makato. Ukizoea kuvuka hapo unahamishwa kundi moja kwa moja. Na hilo joto lenyewe haulipati vizuri, maana hewa ya moto inapanda, inakutana na bati, inatokea kwenye upenyo wa ukutani. Ukizima tu, muda si mrefu chumba kimerudi kuwa friji. Unapasha moto kenchi.

Jiko la mkaa chumbani sitaki hata kulijadili, lakini kila mwaka tunazika watu. Wengi wanadhani hatari ni moshi, hivyo wanasubiri mkaa uive uwe mwekundu ndipo waliingize ndani na kufunga madirisha. Mkaa ule mwekundu usio na moshi ndio unaotoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Haikuamshi.

Turudi kwenye blanketi, maana lina kasoro zake. Kubwa kuliko zote ni plagi. Lilikuja na ile ya miguu miwili bapa, na muuzaji akanipa adapta ya bei chee ambayo usiku wa kwanza tu ilipata moto kiasi cha kutia wasiwasi. Nikamwita fundi umeme, akakata, akafunga plagi ya miguu mitatu yenye fyuzi ya ampea 3, badala ya ile ya 13 inayokuja na plagi nyingi za dukani. Tangu hapo hakuna tatizo. Gharama yake ni ndogo, msiiruke.

Ya pili: umeme ukikatika huna kitu. Ule mpira wa kuwekea maji ya moto bado ninao, na usiku wa giza ndio unaoniokoa. Naujaza theluthi mbili, maji yasiwe yanachemka, naufunika taulo na kuusukuma miguuni. Ila usiuweke juu ya blanketi la umeme. Maji na umeme vikae mbalimbali.

Ya tatu, halikusaidii kitu sebuleni. Pale ni sweta, soksi za sufu, kanga juu ya magoti na chai ya tangawizi kama zamani. Mke wangu alijaribu kulihamishia kwenye kochi, nikakataa, kwa sababu likikunjwa nyaya zinapata moto sehemu moja na zinaweza kukatika. Hata msimu ukiisha linaviringishwa, halikunjwi kama shuka.

Mtoto anayekojoa kitandani asilalie. Mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia miguuni pia, kwa sababu anaweza kuungua asijue. Kwa mama yangu, ambaye yuko Makete na ana miaka 70 na kitu, nimelikataa hili hili ninalolisifia, kwa sababu halijizimi lenyewe na yeye akishalala, kalala. Natafuta lenye saa ya kujizima. Aliyeliona Iringa au Mbeya kwa bei isiyozidi laki moja aniambie duka, na aniambie plagi yake ina miguu mingapi.