Antena ya pezi la papa: uzoefu wangu

Kwenye ramani antena hii haina mpinzani. Kwenye FM inakupa kazi kwanza.

Nimeifunga juu ya paa la gari badala ya ile ya fimbo iliyokatika. Ndani ya pezi mna antena mbili, ya redio na ya GPS, na hii ya GPS ilishika papo hapo. Awali kipokezi kilikuwa kimebandikwa ndani, nyuma ya kioo chenye tinti ya metali, na mshale wa ramani ulikuwa ukirukia barabara ya jirani. Setilaiti za GPS ziko kilomita 20,200 hivi juu ya ardhi, kwa hiyo mawimbi yanafika yakiwa hoi. Ukiyawekea metali njiani, umeyamaliza.

FM ndipo nilipokunja uso. Stesheni za karibu safi, za mbali mikwaruzo mitupu. Wimbi la megahezi 100 lina urefu wa mita 3, na robo yake, kipimo ambacho antena ya fimbo hukitafuta, ni sentimita 75. Pezi ni fupi mno, linategemea amplifaya, yaani kikuza mawimbi, iliyomo ndani yake. Nilipoichomoa redio nikaukuta waya wa kuipa umeme amplifaya unaning'inia, ncha imezungushiwa utepe mweusi kwa unadhifu wa kupendeza. Fundi aliyefunga aliuona hauna kazi! Nikapima waya wa bluu wa redio kwa mita ya umeme: redio ikiwashwa volti 12, ikizimwa sifuri. Ndio wenyewe. Nikaziunganisha nyaya hizo mbili, stesheni za mbali zikarudi.

Lakini kwenye barabara mbovu mikwaruzo iliendelea. Nikaiweka mita kwenye omu, kipimo cha ukinzani wa umeme, ncha moja kwenye ganda la nje la plagi ya antena, nyingine kwenye bodi ya gari pasipo na rangi. Ilitakiwa isome karibu na sifuri, ila kila nikilibonyeza pezi namba zinacheza. Kumbe meno ya nati chini ya paa yalikuwa yameishia kwenye rangi, na rangi haipitishi umeme. Nikakwangua hadi chuma kikang'aa, nikapaka grisi kidogo ya kuzuia kutu, nikakaza upya.

Mvumo uliobaki kwenye redio haukuwa wa antena. Nikichomoa chaja ya kamera ya dashibodi, kimya, nikiichomeka, unarudi. Chaja za hovyo hubadilisha volti kwa kukata na kuwasha umeme kwa kasi kubwa, na kelele yake huingia hadi kwenye FM. Wapo wanaoinyima antena nyota kwa kosa la chaja, jambo ambalo si haki.

Kama hutumii ramani na stesheni yako iko mbali, baki na fimbo. Mimi naipa nyota tatu kati ya tano. Ya nne ningeitoa kama karatasi ya maelekezo ingeutaja huo waya wa bluu.